Skana Uliyoniagiza

Nairobi West,
Jumapili jioni.

Sahibu yangu Athmani,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi ya mwezi huu inatulaza mapema kama kuku. Fedha ulizonitumia kwa M-Pesa zimefika na ziko salama. Nakueleza hili mwanzoni kwa sababu najua umeifungua barua hii ukitarajia kuambiwa kwamba skana, ile redio ya kupekua masafa mengi na kunasa wanaozungumza, iko njiani, nami sijainunua. Jumamosi ya juzi nilikwenda Luthuli Avenue kama ulivyonituma, nikaingia duka moja baada ya jingine, na katika duka la tatu nikaonyeshwa skana ya mkononi ambayo muuzaji aliisifu kwa jambo moja tu: kwamba inapokea kuanzia kilohezi 100 hadi megahezi 1,300. Nilipomuuliza inapokea kwa mtindo gani katika masafa hayo yote, kama ni AM, FM au SSB, yaani njia tatu za kubebesha sauti kwenye mawimbi, akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. Nikamrudishia chombo chake, nikanunua betri nne ili nisionekane nimekwenda kumpotezea muda, nikatoka.

Katika ujumbe wako uliandika kwamba unataka "skana pana kuliko zote nitakayoipata". Neno hilo ndilo lililonifanya nirudi mikono mitupu. Upana wa masafa ni tarakimu inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi kwa sababu ni rahisi kuiandika, lakini mtu wa Kenya anayesikiliza kwa burudani hana shughuli na sehemu kubwa ya upana huo. Kuna mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, ambayo unayajua tangu enzi za redio ya marehemu baba yako. Kuna vituo vya FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Juu yake kuna ndege, 118 hadi 137. Kisha wapenzi wa redio wenye leseni, 144 hadi 146. Kisha vyombo vya baharini, takriban 156 hadi 162. Na baada ya hapo, katika megahezi mia nne na kitu, kuna redio za mkononi za walinzi na makampuni. Kwingineko kumejaa televisheni za dijitali na simu, ambazo skana itazipokea kama mvumo tu. Kulipia upana huo wote ni kununua kabati la milango ishirini ili utundike kanzu tatu.

Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni mtindo wa upokezi. Ndege huzungumza kwa AM hadi leo, na watu wengi hudhani ni uzembe wa kutobadilika. Ukweli ni kwamba marubani wawili wakibonyeza kitufe kwa wakati mmoja katika AM, anayesikiliza hupata mlio au sauti mbili zilizopandana na hivyo hujua kuna mtu wa pili, ilhali katika FM mwenye nguvu humfunika mnyonge kabisa, na huyo mnyonge anaweza kuwa ndiye mwenye dharura. Meli nazo hutumia FM nyembamba. Vituo vya muziki hutumia FM pana. Na mawasiliano ya masafa marefu katika mawimbi mafupi hutumia SSB, ambayo ukiipokea kwa AM ya kawaida utasikia kama bata anayesoma taarifa ya habari. Kwa hiyo skana inaweza kufika kwenye masafa unayoyataka na bado isikupe neno hata moja linaloeleweka, kwa kuwa imefika huko na mtindo usiofaa.

Kuna pia suala la hatua, yaani skana inaruka kwa kipimo gani kutoka masafa hadi masafa. Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani mara nyingi huruka kilohezi 10 katika mawimbi ya kati, ilhali vituo vya upande wetu wa dunia hupangwa kwa kilohezi 9; basi unazunguka kituo bila kukikanyaga. Vyombo hivyohivyo vya Marekani, tangu 1994, vimezibwa sehemu za masafa ya simu za mkononi kwa amri ya sheria ya huko, jambo ambalo halitupunguzii kitu, ila ukikutana na mapengo kati ya megahezi 824 na 894 usidhani chombo kimeharibika.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe, maana hilo lilinifundisha kuliko maelezo yote ya kwenye maboksi. Mwaka niliohamia huku Nairobi West nilinunua, kwa jirani aliyekuwa akiuza vyombo vyake ahame, kiredio kimoja cha bei nafuu kilichodai kupokea bendi ya ndege. Roshani yangu inatazama upande wa Uwanja wa Wilson, na ndege ndogo ziendazo Mara, Samburu na Lamu hupita mbele yangu kutwa. Nikaketi Jumamosi asubuhi na kikombe cha chai, nikaweka megahezi 119, na badala ya rubani nikamsikia mhubiri akikemea mapepo kwa sauti ya kukwaruza, kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Nikasogeza hatua chache. Mhubiri akapotea, rumba ikaingia. Mke wangu alipita akauliza kama marubani siku hizi wanaimbiwa.

Sababu yake ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Ndani ya vipokezi vingi vya aina ile, masafa yanayoingia huchanganywa na masafa yanayozalishwa humohumo ndani ili yashuke hadi megahezi 10.7, na huko ndiko yanakochujwa na kukuzwa. Ubaya ni kwamba mchanganyo huo hukaribisha wageni wawili: yule uliyemwalika, na pacha wake aliye umbali wa 10.7 mara mbili, yaani megahezi 21.4. Ukialika 119 kwa chombo ambacho masafa yake ya ndani yako chini ya yale unayoyatafuta, pacha anayebisha mlangoni ni 97.6, katikati kabisa ya vituo vya FM. Na ukiendelea na hesabu utaona kwamba bendi ya ndege kuanzia 118 hadi 129.4 yote ina pacha ndani ya FM. Vituo vya FM hurusha kwa nguvu kubwa mno kulinganisha na redio ya ndege, kwa hiyo pacha huingia kwa mabavu. Skana zilizoundwa vizuri hupandisha masafa ya kwanza ya ndani juu sana ili pacha aangukie mbali, kisha huyashusha kwa awamu, na hiyo ndiyo maana ya maneno "mara mbili" au "mara tatu" utakayoyakuta kwenye maelezo ya upokezi.

Lakini hata skana nzuri inaweza kulemewa. Nilipopata chombo kilicho bora zaidi, nikapandisha antena ndefu hadi juu ya paa nikidhani nitasikia hadi Kilimanjaro, na mambo yakaharibika kuliko awali: muziki ukarudi, safari hii ukiwa umesambaa kila mahali, kwa sababu mlango wa mbele wa skana pana huachwa wazi kwa masafa mengi kwa pamoja, na vituo vya FM vya jiji hili viliujaza hadi ukashindwa kufanya kazi. Nilitibu ugonjwa huo kwa kichujio kidogo cha kuzuia megahezi 88 hadi 108, ambacho hukaa kati ya antena na skana na hakizidi ukubwa wa kiberiti. Siku nilipokifunga, mnara wa Wilson ulitoka msafi kama mtu aliyeingia sebuleni. Nilisikia rubani akijitambulisha kwa herufi za usajili wetu zinazoanza na 5Y, nikainua macho, na ile ndege ndogo aina ya Caravan ikageuka juu ya mbuga jua likiipiga bawani. Walichozungumza sitakuandikia, na sababu utaiona mbele.

Basi, kuhusu vyombo vyenyewe. Icom IC-R6 ndiyo ambayo wengi huitaja, na sifa zake ni za kweli: ni ndogo ya kutia mfukoni, hutumia betri mbili za AA, hufika karibu megahezi 1,310, ina kumbukumbu 1,300, na ina hatua zote tunazozihitaji huku. Haina SSB. Kwa hiyo ule upana wake wa chini, katika mawimbi mafupi, utakupa vituo vya utangazaji tu, na hata hivyo kwa antena yake fupi utaambulia vile vyenye nguvu. Dada yake mkubwa, IC-R30, ana SSB, anafika megahezi 3,304, anasikiliza masafa mawili kwa pamoja, anarekodi kwenye kadi, na anaelewa baadhi ya mitindo ya dijitali. Bei yake huzidi ya R6 zaidi ya mara mbili. AOR AR-DV10 nayo imejengwa kwa ajili ya dijitali, ikiwemo DMR na TETRA, mitindo ya redio za mkononi za dijitali. Hapa nakuomba usidanganyike: mawasiliano ya dijitali yaliyofungwa kwa ufunguo wa siri hayafunguliwi na skana yoyote ya dukani, na mengi ya yale ambayo watu huwazia watayasikia wakinunua chombo cha dijitali yamefungwa hivyo. Utalipa fedha nyingi ili usikie ukimya ulio bora zaidi.

Nilikoishia kuvutiwa, na utashangaa, ni Uniden UBC125XLT, ambayo wala si skana pana kwa maana uliyoitaka. Inaanza megahezi 25, ina mapengo, na bendi ya vituo vya FM imerukwa. Lakini ndege imo, bahari imo, wapenzi wa redio wamo, ina kumbukumbu 500 zilizogawanywa katika mafungu kumi, na jeki yake ya antena ni ile ya BNC ya kusukuma na kuzungusha, ambayo kwa mtu wa vidole vinene kama wewe ni afadhali kuliko ile ndogo ya kufunga kwa nyuzi. Mafungu hayo kumi yatakufaa kuliko unavyodhani, kwa sababu meli huitana katika chaneli ya 16, megahezi 156.8, kisha huhamia chaneli nyingine kuzungumza. Ukiwa umeziweka chaneli za bahari katika fungu moja na za ndege katika jingine, skana itawafuata yenyewe ukiwa umekaa na tasbihi yako, bila kupotea kwenye masafa usiyoyahitaji.

Fikiria pale ulipo. Orofa yako Kizingo, huko Mombasa, kwa kukadiria, iko mita kumi na sita kutoka ardhini, na bahari iko mbele yako bila kizuizi. Kanuni ya upeo wa mawimbi haya ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Kwako ni 4 mara 4.12, kwa meli yenye antena mita ishirini na tano juu ya maji ni 5 mara 4.12, ukijumlisha unapata kilomita 37, na hapo una skana ya mkononi tu. Ndege iliyo mita 10,000 angani ina upeo wa zaidi ya kilomita 400, ndiyo maana nikiwa hapa Nairobi humsikia rubani akiwa bado mbali sana, na pengine nisimsikie anayemjibu akiwa ardhini nyuma ya kilima. Wewe una utajiri ambao mimi sina, na hauhitaji megahezi 3,304 kuuchota.

Unahitaji antena. Ule mkia wa mpira unaokuja na skana ni wa kubebea tu. Gawanya 75 kwa megahezi unazozitaka, utapata urefu wa mita wa robo ya wimbi: kwa ndege, karibu sentimita 60, kwa bahari, sentimita 48 hivi. Antena ya kuvuta, ile inayofanana na ya redio ya zamani, yenye kichwa cha BNC, itakuwezesha kuirefusha na kuifupisha kwa kipimo hicho, na uisimamishe wima, maana ndege na meli hurusha wima. Sitakuficha kwamba fedha ndogo niliyoitia kwenye antena imenipa sauti nyingi kuliko fedha kubwa niliyoitia kwenye skana. Angalia pia taa na chaja zilizo karibu. Kuna chaja moja ya simu hapa kwangu ambayo ikichomekwa mnara wa Wilson hutoweka.

Kuhusu mawimbi mafupi ambayo pia umeyataja, usiyatafute kwenye skana. Nunua redio ya mawimbi mafupi yenye SSB, kwa mfano Tecsun PL-660, ambayo kwa bahati nzuri ina bendi ya ndege pia. Bei ya hiyo pamoja na Uniden kwa kawaida haifiki ile ya R30 peke yake. Utaning'iniza waya wa mita chache roshani usiku, na hapo ndipo utakaposikia marubani wanaovuka Afrika wakiita katika kilohezi 11,300, mahali ambapo redio ya megahezi za juu haiwafikii. Mawimbi hayo yana historia ya karibu nasi: madaktari wa Amref, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na ambalo ndege zao bado huruka kutoka hapahapa Wilson, waliyategemea kuwasiliana na hospitali za mbali zisizokuwa na simu.

Jambo la sheria sikutaka kuliweka mwisho kabisa, lakini kalamu imenileta huku. Ibara ya 31 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na mimi huichukulia kwa maana yake ya wazi: skana si sikio la kuweka kwenye ukuta wa jirani. Sisikilizi redio za walinzi wala za polisi, sirekodi, na ninachokisikia hakitoki roshani kwangu, hata kwa rafiki kama wewe. Isitoshe, kabla ya kuagiza chombo chochote kutoka nje, andika barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya uulize kama kipokezi cha aina hiyo kinahitaji idhini, ili kisije kikakaa forodhani kikikusubiri. Nimekuandalia rasimu ya barua hiyo, imo ndani ya bahasha hii. Jaza jina la chombo na utie sahihi. Na vile viredio vya Kichina vya bei rahisi ambavyo kijana wako alikuonyesha, ambavyo hupokea na pia kurusha, usiviguse kabla hujapata leseni, hata kama utaapa kwamba kitufe cha kurusha hutakibonyeza. Mtoto wa miaka miwili hajui kiapo chako.

Kabla sijarudi Luthuli, nakuomba jambo moja. Pamoja na barua hii nimeweka kile kifaa changu cha RTL-SDR kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Asili yake ni kipokezi cha televisheni, lakini mwaka 2012 watu waligundua kwamba kinaweza kugeuzwa kuwa redio inayofika takriban megahezi 24 hadi 1,766, nacho hukuonyesha kwenye kioo megahezi mbili na ushee kwa mara moja, kila anayezungumza akitokea kama mstari unaoteremka. Kijana wako atakiwashia programu. Si cha kutembea nacho, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, ila kitakueleza kilichopo katika anga la Kizingo bila muuzaji kuingia kati. Kiache kwa juma zima, asubuhi, alasiri na usiku, na kila ukiona mstari unaozungumza andika masafa yake, mtindo wake na saa. Jaribu pia megahezi 145.800 siku ambayo kituo cha anga cha kimataifa kinapita juu yenu. Hupita kwa takriban dakika kumi, na wanaanga wanapozungumza na shule za duniani, hutumia FM ya kawaida, hakuna siri. Pwani yenu haijawa mgeni wa mambo hayo, kwani setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini hapo karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970.

Ukinitumia daftari hilo, nitaenda nalo dukani. Ikiwa sehemu kubwa ya mistari yako iko kati ya 118 na 162, nitakununulia Uniden, antena ya kuvuta na kichujio cha FM, na chenji nitakurudishia siku hiyohiyo. Ukikuta jambo la maana juu ya megahezi 960, ambako Uniden haifiki, nitakubali kwamba nilikosea na tutazungumza habari za R6.

Kifaa nimekifunga kwa kitambaa cha kijani cha mke wangu. Kitambaa anakitaka.

Wako akupendaye,
Mwang'ombe